Nyumba ya Kunong'ona

Kitu cha kwanza alichokigundua binti ni kwamba mkoromo wa kaka yake ulikuwa unakwenda bila kurudi.

Mkoromo wa baba ulikwenda na kurudi. Pumzi iliingia kwa kishindo kama mtu anayeburuta meza, ikatoka kwa mluzi mwembamba, ikaingia tena, na hivyo hivyo hadi jioni. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vipuri vya magari. Mchana ndio uliokuwa usiku wake, na nyumba nzima ilikuwa imejipanga kuuzunguka usingizi huo. Sufuria zilipangwa moja ndani ya nyingine na vitambaa katikati. Bawaba za milango zilipakwa mafuta ya kupikia. Mtu akishikwa na chafya alikimbilia uani. Wenye nyumba ile walinong'ona hata walipogombana, na mazoea yakawaganda kiasi kwamba walinong'ona hata sokoni, wauza mboga wakawauliza kama wamefiwa.

Binti wa nyumba ndiye aliyefuzu kuliko wote. Alitembea bila kusikika, alifungua kabati bila kusikika, hata kulia alilia bila kusikika. Wakamwita Paka, na jina hilo likamfuata hadi kwenye duka la dobi alikokuwa akipiga pasi. Wateja walishtuka kumkuta yuko mbele yao. "Wewe binti, siku moja utatuua kwa mshtuko," walimwambia, naye akatabasamu tu na kupokea nguo.

Adhuhuri ile alikuwa amerudi nyumbani kula. Akapita mlango wa chumba cha kaka yake, akasimama. Mle ndani pumzi ilivutwa kwa taabu, nzito, yenye majimaji, kama maji ya mwisho yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Kisha ikakatika. Paka akangoja itoke. Akangoja sana. Halafu ikavutwa nyingine.

"Shh." Mama alimjia kwa nyuma, kidole mdomoni, uso umechangamka. "Umemsikia? Analala."

"Mama, anakoroma vibaya."

"Vibaya vipi? Damu ya baba yake hiyo." Mama akacheka kwa pumzi tupu. "Tangu arudi hajapata usingizi wa maana, ni kugeuka geuka tu hadi kunakucha. Leo kaja, kaniambia 'mama, nimechoka,' kajitupa kitandani na viatu. Nimemvua mwenyewe. Mwache apumzike, mwanangu."

Kaka alikuwa fundi simu, na kwa muda mrefu unga wa kulevya ulikuwa umemtawala. Safari hii alikaa kwenye nyumba ya matibabu hadi akamaliza, akarudi na mashavu na hamu ya kula, na mama alitembea uani kichwa juu. Kwa hiyo Paka hakubisha. Alikwenda jikoni, akajipakulia, akakaa na sahani mapajani. Chakula hakikushuka. Masikio yake yalikuwa yamebaki mlangoni.

Kilichomzuia kula ni maneno aliyoyasikia kazini, wiki hiyo hiyo.

*

Mwanamke aliyeyasema alikuwa mtu wa idara ya afya, mpangaji wa nyumba ya pili. Kazi yake ilikuwa kuzungukia familia zilizofiwa na mtu wa unga, kuuliza marehemu alifia wapi, saa ngapi za mchana au usiku, nani alikuwepo, na walifanya nini. Mtaani walimwita Mhesabu Maiti. Wako waliomfungia mlango, wako waliomwambia marehemu alikuwa na homa tu. Mwenye bucha ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Akimwona anapita, alipaza sauti na kisu mkononi: "Jamani, jipimeni mapigo ya moyo, mwenye kuhesabu anapita!" Watu wakacheka, naye akacheka nao, akapita.

Siku ile alileta mashati yake kupigwa pasi, akakaa kwenye benchi kungoja. Watu walipenda kuongea mbele ya Paka kwa sababu hakuwakatiza.

"Unajua sisi ofisini tulikuwa tumepotea njia?" alianza. "Tulidhani wanafia kwenye magofu, peke yao, hakuna anayewaona. Dawa ya kuwazindua tukaipeleka huko huko kwenye magofu. Halafu nikakaa na majibu ya familia, nikayasoma moja baada ya jingine, nikaona kuna kitu kinajirudia. Wengi wamefia nyumbani. Mchana kweupe. Watu wako sebuleni, wengine wako mlangoni kabisa. Na mama baada ya mama ananiambia maneno yale yale: 'Alikuwa anakoroma, tukamwacha alale.'"

Pasi ikasimama. Paka akaikumbuka, akaiinua upesi kabla kola haijaungua.

"Ule si usingizi, mdogo wangu. Ni mtu anayeishiwa hewa. Na angalia hili: wengi wao ni wale waliokuwa wameshaacha. Mwili umesahau unga. Siku akiteleza, anajipimia kile kipimo chake cha zamani, na mwili hauwezi tena kukibeba." Akafungua mkoba, akaweka kiboksi kidogo mezani, kando ya chupa ya maji ya kunyunyizia. "Hii unampulizia puani, tundu moja. Kama kumbe hana unga mwilini, haimdhuru, kwa hiyo usiogope kukosea. Kisha mpe pumzi, mdomo kwa mdomo. Asipozinduka mpulizie ya pili. Na hospitali lazima, maana dawa hii inaisha nguvu mapema kuliko unga."

Paka alikitazama kiboksi.

"Nilimpelekea mama yako. Akaniambia kwake hakuna mtu wa namna hiyo. Simlaumu, ningekuwa mimi pengine ningesema vile vile. Wewe sijakuuliza kama yupo au hayupo. Nimekuachia tu."

Paka alilikunja shati, akalinyoosha mikono, akamkabidhi mwenyewe. Kiboksi akakitia kwenye mfuko wa aproni, chini ya kitambaa cha kufutia jasho.

*

Sasa, jikoni, akaweka sahani chini. Aproni alikuwa bado ameivaa.

Mlango wa kaka ulifunguka bila sauti, kama milango yote ya nyumba ile. Mama alimdaka kifundo cha mkono kizingitini.

"Unakwenda wapi?" alinong'ona.

"Namwamsha," Paka naye akanong'ona.

"Kumwamsha! Mtu aliyehangaika hivyo? Una moyo gani wewe?"

"Mama, hapumui sawasawa. Sikiliza."

"Nasikia. Analala. Na baba yako ndio kwanza kafumba macho, leo tena yuko zamu. Ukimgutua utamwambia nini?"

"Mama, niachie mkono."

"We mtoto, usinitie aibu kwenye nyumba yangu."

Waligombana hivyo, midomo karibu na masikio, kwa sauti ambayo hata nzi isingemfukuza. Na ndani ya chumba ile pumzi nzito ilivutwa mara moja zaidi, ikakatika.

Paka akajichomoa. Kaka alikuwa amelala chali, kichwa kimeinamia kando. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha zake zilikuwa nyeusi kama aliyeshika wino. Paka akamgusa shavu. Lilikuwa na unyevu, baridi.

"Kaka," aliita. "Kaka. Kaka, wewe."

Hapo akajisikia. Alikuwa anamnong'oneza. Mtu anakufa mikononi mwake, naye anamwita kwa sauti ya kutomwamsha baba. Akafungua kinywa kuita kwa nguvu na kwanza hakikutoka kitu, ni hewa tu, kama bomba lililokaa siku nyingi bila maji. Akajaribu tena.

"KAKA!"

Mama akaruka nyuma. Chumba cha pili, mluzi wa baba ukakatika katikati.

"KAKA, AMKA! MAMA, ANAKUFA! ANAKUFA, MAMA!"

Baba alitokea mlangoni na fulana ya ndani, rungu mkononi, macho hayajafunguka vizuri. "Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?"

"Baba, weka rungu. Mshike kichwa. Hivi, kiangalie juu."

Hakuna mtoto aliyewahi kumpa baba amri. Rungu likaanguka sakafuni na baba akapiga magoti, akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa yai. Paka alirarua kiboksi kwa meno, akaingiza ncha ya kile kichupa puani, akabonyeza. Kisha akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa kaka, akapuliza. Kifua kikainuka. Akapuliza tena.

Na mama, aliyekuwa ameshika fremu ya mlango, akaukumbuka ule uso uliosimama kizingitini kwake na kiboksi kama hicho. Akatoka mbio uani, akapiga ukelele ambao majirani hawakujua anao. "Dada wa afya! Jamani, niitieni dada wa afya! Mwanangu ana unga mwilini, anakufa!" Alilitamka hivyo hivyo, unga, mbele ya wafua nguo wote na mbele ya mwenye bucha.

Yule mwanamke alifika mikono ina povu la sabuni. "Umempa?"

"Nimempa."

"Usiache pumzi. Hii hapa ya pili."

Walimpa ya pili. Baba alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, hakuna aliyekielewa. Paka akapuliza, akainuka, akapuliza. Kisha kifua kikainuka peke yake. Kaka akakohoa, akatapika kidogo begani kwa baba, akafumbua macho na kuwaona wote wamemzunguka.

"Mbona mnanipigia kelele?" akauliza.

Baba akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, kwa sababu na yeye hakuwahi kukitumia nyumbani.

*

Kaka alilazwa, akaangaliwa, akaandikiwa dawa ya kunywa kila siku kliniki. Hayo yalikuwa mepesi. Mazito yalikuwa ya mtaani.

Mteja mmoja alikuja dukani akaomba nguo zake zirudishwe hata kabla hazijapigwa pasi, akazikagua moja moja mbele ya Paka, mfuko kwa mfuko. "Si kwa ubaya," alisema. "Unajua tena mambo ya nyumba zenye hao watu." Mwenye duka alijifanya anatafuta hanga. Mwenye bucha alimkatia mama nyama kisha akaiweka kaunta, hakumpa mkononi. Na huko ghalani msimamizi alimtoa baba lango kubwa, akampeleka lango la nyuma linalotazama jalala. "Mzee, usinielewe vibaya," alimwambia. "Watu watauliza, huyu anatulindia mali vipi na kwake kumemshinda?"

Baba aliyasema hayo jikoni, akiwa bado na sare, hakwenda kulala. Mama akaanza kulia. "Tungesema ni homa. Ni mimi na mdomo wangu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua," kaka alisema kutoka kwenye mkeka. "Na ningerudia, kwa sababu nyote mngejifanya hamjui."

Ndipo hodi ikapigwa na yule mwanamke akaingia na karatasi zake.

"Nimekuja kuhesabu," alisema.

Mama akashika kifua. "Lakini hajafa!"

"Ndiyo maana nimekuja. Waliokufa tunawajua. Wanaozinduliwa nyumbani hakuna aliyekuwa akituambia, kila nyumba inaficha wake. Tumebaki tunajua kinachoua na hatujui kinachookoa. Jina siandiki. Naandika kilichotokea."

Mama alimtazama baba. Baba alivua kofia, akaiweka gotini, akawa anaizungusha.

"Mimi nimelinda vipuri vya watu miaka yote hiyo," alisema, "sijaibiwa hata nati. Kumbe hapa kwangu nimewafundisha wanangu wasinigutue hata kama wanaibiwa mwenzao." Akaisimamisha kofia. "Andika. Andika alikuwa chumbani kwake, mchana, na sisi wazazi wake wawili tuko ndani. Andika aliyemzindua ni dada yake, na alipiga kelele."

"Nimeandika dada yake. Sehemu ya kelele haipo kwenye karatasi, mzee."

"Basi iongeze. Maana bila ile kelele mimi ningekuwa bado nakoroma."

"Na andika kaniharibu sikio," kaka akasema. "La kushoto."

Yule mwanamke akageuza karatasi, akaandika pembeni kwa mkono: *Alipiga kelele.* Paka alikuwa mlangoni. Alisoma maneno yale kwa shida ya mtu aliyeacha shule katikati, herufi kwa herufi, na alipoyamaliza aliyarudia. Hakuwahi kuandikwa popote kwa jambo alilolifanya.

*

Baada ya hapo kelele ikapata sehemu yake. Karatasi mpya za idara zilikuwa na swali: *Je, kuna aliyejaribu kumwamsha?* Majibu yakaanza kuja, kwanza kwa uoga, kisha kwa wingi. Viboksi havikubaki kwenye magofu tu, vikaletwa saluni, duka la dawa, karakana, na kwenye duka la dobi, ambako Paka alivipanga kwenye kikapu kando ya hanga. Ukutani kukabandikwa tangazo lenye picha ya mtu amelala chali: *Usimwache akikoroma. Mwamshe.* Yule mteja aliyekagua mifuko yake alirudi siku moja, akasimama sana mbele ya kikapu, akachukua kiboksi kimoja na kukificha chini ya mashati. Paka hakumwuliza kama yupo au hayupo. Alimfungia mzigo vizuri.

Nyumbani vitambaa viliondoka kwenye sufuria. Baba alisema siku hizi kukiwa kimya hapati usingizi.

Kisha idara ikaita mkutano ukumbini ili mtaa uonyeshwe hesabu zake. Yule mwanamke alibandika karatasi kubwa ukutani. Ilikuwa na safu nyekundu za waliokufa, ndefu upande wa kushoto, zikifupika kuelekea kulia. Na palipoanzia kufupika, palianza safu za kijani: waliozinduliwa na watu wa nyumbani kwao. Safu ya kwanza ya kijani ilikuwa fupi kama ukucha.

"Hii ni ya mmoja," alisema. "Kabla yake hatukuwa na wa kuhesabu."

Familia ilikuwa imekaa nyuma. Kaka alikuwa katikati ya mama na Paka, amechomekea shati. Baba alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, na sare yake ilikuwa na mikunjo mikali aliyoipiga binti yake. Kabla hata ya safu za kijani kuonyeshwa alikuwa ameshasinzia. Sasa alianza kukoroma, kishindo na mluzi, na watoto wa mbele wakageuka wakacheka.

Mwenye bucha akasimama. "Mimi niulize. Hizi picha zitabandikwa hadi lini? Mnatuharibia jina la mtaa. Hao mateja wa unga wametoka huko walikotoka, kama huyo wenu wa kijani, leo mnatuhesabia kama watu wetu. Si watu wetu hao!"

Watu wengine wakaguna kumuunga mkono. Kaka akakitazama kiatu chake. Yule mwanamke akafungua kinywa, akakifumba. Majina alikuwa ameahidi kutoyataja, na ahadi ilikuwa ahadi.

Mama, kwa mazoea, alitaka kumgusa baba kidole cha mguu, ndivyo alivyomwamsha siku zote bila kelele, lakini kidole kilikuwa ndani ya buti.

Paka akasimama. Hakuna aliyemsikia akisimama, kama kawaida yake. Aliutazama ule ukucha wa kijani ukutani, kisha akageuka, si kwa mwenye bucha.

"Baba," aliita.

Kishindo, mluzi.

"Baba, amka!"

Ukumbi mzima ukageuka. Baba akashtuka, akaishika kofia, akatafuta rungu ambalo hakuja nalo. Akamwona binti yake amesimama kati ya watu wote wale.

"Amka unisikie," Paka alisema, "maana nataka ulisikie na wewe." Kisha akamgeukia mwenye bucha, na sauti yake ikafika hadi kwenye karatasi ya ukutani. "Yule mmoja wa kijani ni kaka yangu. Hakutoka popote, ametoka kwetu, nyumba ya pili kutoka buchani kwako. Nilimsikia akikoroma nikapiga kelele. Akikoroma tena, nitapiga tena. Na wewe ukikoroma, mwenye bucha, nitakuja kwako nipige."